Rangi ya askari wa kuchezea inapoharibika kabatini: dalili, chanzo na tiba

Mtu akiona doa jeupe kwenye askari wake wa kuchezea, cha kwanza kushukiwa ni rangi: labda aliyempaka alichanganya vibaya, labda kiwanda kilibana matumizi. Mara nyingi rangi inasingiziwa. Askari waliokaa miaka 60 kwenye droo ya chuma bila hitilafu huanza kuharibika miezi michache baada ya kuhamishiwa kabati jipya la kupendeza, lenye kioo, taa na mlango unaofunga barabara. Kilichobadilika hapo ni hewa inayowazunguka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, kisha unarudi nyuma hadi kwenye mbao, gundi, sponji, taa na unyevu. Tiba ya askari mwenyewe inakuja mwisho, na pengine isihitajike kabisa.

Mjue kwanza ameundwa na nini

Dalili moja inaweza kuwa na maana mbili kutegemea askari ameundwa na nini, kwa hiyo weka kando pamba na sabuni, umpime kwanza mkononi. Akiwa mzito kuliko ulivyotarajia, na singe au mkuki wake umepinda ukabaki hivyo hivyo, huyo ni wa madini ya risasi. Mgeuze. Ukikuta kitundu kidogo utosini au chini ya kisimamio, ni wa aina yenye uwazi ndani. Kampuni ya William Britain ya London (Britains) ndiyo iliyoanza kuwatengeneza hao mwaka 1893: mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni uliyeyushwa, ukamiminwa kwenye kalibu na kuzungushwa, kisha sehemu ambayo haijaganda ikamwagwa, likabaki gamba jembamba. Waliendelea hivyo hadi 1966. Miongoni mwao wapo Keya, wale wa King's African Rifles wenye tarbushi, seti nambari 225, ambao mkusanyaji wa Afrika Mashariki huwatafuta kuliko wote. Gamba hilo jembamba ndilo linalofanya ugonjwa wa risasi uwe wa hatari, kwa sababu kinachoonekana kama doa la juu juu kinaweza kuwa tayari kimekula nusu ya unene wa mguu.

Wajerumani wa Elastolin na Lineol walitumia unga wa mbao na gundi, wakaukanda juu ya mifupa ya waya. Askari hao ni wepesi na hutoa mlio mkavu ukiwagonga kwa kucha. Plastiki laini ya polithini, ambayo Airfix wa Uingereza waliitumia kwa askari wadogo wa kipimo cha 1/72, huteleza kidogo vidoleni, na bunduki yake ukiipinda hurudi. Aloi ya zinki ni ngumu, haipindi, hukatika. Ukishajua hayo, ndipo uangalie tatizo.

Unga mweupe au wa kijivu

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na ndipo watu wanapochanganya mambo matano kuwa moja.

Weupe uliotandaa sawasawa juu ya askari mzima, unaoonekana kama pazia na haukwanguki, ni vanishi iliyopigwa siku yenye unyevu mwingi. Tutaufikia.

Weupe unaozunguka kiungo, pale mkono au bendera ilipogundishwa, ni mvuke wa supaglu. Gundi ile ikikauka mahali pasipo na hewa ya kutosha huacha utando mweupe jirani. Unaudhi macho, lakini haumdhuru askari.

Weupe wenye manyoya, unaotokea kwenye askari, kwenye kisimamio cha mbao na kwenye kitambaa cha rafu kwa pamoja, ni kuvu. Chanzo chake ni kabati lisilopitisha hewa kwenye nyumba yenye unyevu. Punguza unyevu kwanza, kisha mfute.

Wa nne ni vumbi la kawaida. Likipulizwa linaondoka, mjadala umekwisha.

Wa tano ndio wenyewe. Unaanzia chini ya kisimamio, ndani ya kile kitundu, kwapani, kwenye mstari wa kalibu, au pale rangi ilipochubuka. Rangi inanyanyuka kwa vipele vidogo, na ukiangalia chini ya kipele unakuta unga. Hiyo ni risasi yenyewe ikigeuka kuwa kaboneti. Mvuke wa asidi ya siki au asidi fomiki hushambulia risasi, kisha unyevu na kaboni dioksidi ya hewani huibadilisha kuwa chumvi nyeupe. Katika hatua hiyo ya mwisho asidi hurudi hewani na kuendelea na kazi. Kiasi kidogo tu, kikifungiwa kabatini, kinatosha kula safu nzima ya askari.

Wakusanyaji wengi husema ugonjwa huu unaambukiza. Askari mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Wote wawili wanavuta hewa moja, na mmoja alikuwa na rangi iliyochubuka zaidi. Hata hivyo, mtenge mara moja, kwa sababu ukishamtoa utaweza kuona kama jirani zake wanaendelea kuathirika. Wakiendelea, umeshapata ushahidi dhidi ya kabati.

Utasikia pia maelezo kwamba ni «tauni ya bati». Tauni hiyo ipo, lakini hulipata bati lililo safi au karibu safi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13, na huenda kasi pale baridi inapokuwa kali sana. Kwa askari wa risasi aliyeko Tanga, Mombasa au Maskati, maelezo hayo hayana nafasi. Hata Ulaya husingiziwa kuliko inavyostahili.

Sasa hatari yenyewe: unga huo ni sumu. Usiupulize kwa mdomo, usiufagie kwa brashi kavu, usiukwangue juu ya meza ya kulia chakula. Vaa barakoa na glovu, tandika gazeti lililoloweshwa kidogo, uondoe unga kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo, na kila kijiti ukitupe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa. Nawa mikono kwa sabuni. Watoto wasiwe jirani, na hilo linahusu pia askari wazima wa zamani, kwa sababu rangi zao nazo mara nyingi zina risasi. Hao hawapigwi msasa kamwe.

Kuna kosa moja ambalo watu wa Pwani tuko karibu nalo zaidi. Shaba nyeupe na sinia za nyumbani tunazisugua kwa ndimu au ukwaju, zinang'aa, kila mtu anafurahi. Ukifanya hivyo kwa askari wa risasi, au ukitumia siki, unampaka asidi, adui yule yule unayejaribu kumkinga naye. Atapendeza wiki moja.

Askari aliyeanza kuota unga na ambaye rangi yake ni ya kiwanda, ya zamani, usimvue rangi ili umtibu. Ondoa unga ulio huru, mkaushe, muweke kwenye kisanduku chenye vifuko vya silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na hewa safi, umtazame tena baada ya mwezi. Mara nyingi ugonjwa husimama wenyewe pale asidi inapokosekana. Nta ya makumbusho, ile isiyo na asidi, inaweza kupakwa nyembamba pale palipobaki risasi tupu, lakini kuipaka kisha kumrudisha kwenye kabati lile lile ni kupoteza nta. Akiwa wa thamani, au mguu umeshaanza kulegea, mpeleke kwa mhifadhi wa makumbusho badala ya fundi wa rangi.

Kulishtaki kabati

Mbao karibu zote hutoa asidi, zikitofautiana kwa kiasi. Mwaloni wa Ulaya ndio mbaya kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndio uliopendwa kwa makabati ya maonyesho. Ubao wa MDF na chipubodi una tatizo la namna yake: gundi iliyoshikilia unga wa mbao hutoa fomaldehaidi, nayo hewani hugeuka kuwa asidi fomiki. Kabati la kisasa la ofisini lililofunikwa karatasi nyeupe ya kung'aa ni MDF au chipubodi ndani, na kingo zake zisizofunikwa ndizo zinazovuja. Ongeza hapo rangi mpya ya ndani ambayo haijakauka vizuri, zulia la rafu lililogundishwa, maboksi ya kadibodi ya kawaida, na ile silikoni ya kuzibia vioo. Silikoni ikinuka siki wakati fundi anaipaka, hiyo ni asidi ya siki kweli kweli. Agiza ile isiyo na harufu hiyo.

Njia ya kupima ipo, na wakubwa wa kazi hii wanaitumia. Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alieleza jaribio ambalo sasa limepewa jina lake: kipande cha kitu unachokishuku hufungiwa kwenye chombo pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi iliyosuguliwa, na maji kidogo, kwa siku 28 kwenye nyuzi 60. Risasi ikichafuka kuliko ile ya chombo kisicho na kitu, mbao hiyo haifai.

Nyumbani unaweza kufanya toleo hafifu la jaribio hilo. Nunua machubwi mawili ya mshipi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia ndoana, kwa wauza vifaa vya uvuvi, yasugue kwa msasa laini uliolowa hadi yang'ae, huku umevaa glovu. Chukua mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko. Mmoja utie chubwi, kipande cha mbao au sponji unayoishuku, na pamba yenye matone ya maji, visigusane. Mwingine utie chubwi na pamba tu. Iweke mahali penye joto na uiache mwezi mzima. Chubwi lolote litapoteza mng'ao na kuwa la kijivu, hilo ni kawaida ya risasi. Unachotafuta ni weupe, na hasa weupe ulio kwenye mtungi wa mbao usiokuwa kwenye ule mwingine. Matokeo yakiwa safi huna uhakika kamili, maana joto lako si la maabara. Yakiwa mabaya, uhakika unao.

Ukikuta kabati ndilo mkosaji, usikimbilie kulipaka vanishi ndani. Vanishi nyingi huchelewesha mvuke bila kuuzuia, na nyingine zina mvuke wake. Bora utenganishe: rafu za kioo au alumini, kuta za ndani zifunikwe kwa karatasi ya alumini yenye plastiki, na askari wasiguse mbao. Kabati la chuma lililopakwa rangi ya kuokwa kiwandani, pamoja na vioo, ndilo ninalolipendelea kuliko lolote la mninga au mvule, hata kama sebuleni litaonekana la kihasibu.

Hapo kuna ugomvi wa kweli ambao hauna jibu moja. Kabati linalofunga kabisa huzuia vumbi lakini hufungia asidi. Linalopumua hutoa asidi lakini huingiza vumbi, na kando ya bahari huingiza chumvi. Ikiwa ndani kuna vioo na chuma tu, lifunge. Ikiwa kuna mbao yoyote, liache lipumue kwa matundu madogo nyuma yenye wavu, ukubali kufuta vumbi mara nyingi zaidi.

Unyevu

Bila unyevu, asidi hufanya kazi taratibu sana. Kwa risasi lenga unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ya nje hukaa juu ya asilimia 70 muda mwingi wa mwaka, hilo haliji lenyewe. Kipimaunyevu kidogo cha betri ndani ya kabati ni bei rahisi kuliko askari mmoja wa Britains, na bila hicho unabahatisha. Vifuko vya silika jeli hufanya kazi kwenye kisanduku kidogo kinachofunga. Kwenye kabati kubwa lenye matundu hujaa haraka na kubaki mapambo. Vyenye punje za rangi ni bora kwa sababu hubadilika vikishiba, na huweza kukaushwa kwenye oveni kwa moto mdogo.

Wenye kiyoyozi wana balaa jingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Askari aliyelala kwenye chumba cha nyuzi 22, ukimtoa barazani kumpiga picha, atalowa mbele ya macho yako, na maji yataingia ndani ya gamba kupitia kitundu ambako hayatafutika. Mtie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kutoka naye, umwache humo hadi apate joto la nje. Vivyo hivyo umeme ukikatika usiku kucha, usifungue kabati alfajiri ili «lipate hewa».

Vanishi yenye ukungu

Hii ni ya wanaopaka wenyewe. Kopo la kupuliza hutoa vanishi pamoja na kimumunyisho kinachokauka kwa kasi na kupoza uso wa askari, umande unaganda ndani ya utando, na unabaki na ukungu. Sababu ya pili ni kopo lisilotikiswa: vanishi isiyong'aa ina chembe za silika za kuua mng'ao, zikilala chini utapuliza kwanza kimiminika kitupu, mwisho unga mtupu.

Piga kazi hii alasiri ya siku kavu, hewa inapokuwa na unyevu mdogo kuliko alfajiri, na msimu wa masika tumia brashi. Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili, shika umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka nyembamba. Ikiwa ukungu umeshatokea, tabaka moja la vanishi inayong'aa kwa brashi mara nyingi huurudisha uwazi, kisha unaweza kupiga isiyong'aa juu yake siku nzuri. Wapo wanaopaka mafuta ya zeituni ili weupe upotee. Unapotea, ila mafuta hubaki na kukusanya vumbi.

Askari wa Britains na wenzake wa zamani waliondoka kiwandani na rangi ya kung'aa bila vanishi ya ziada. Usiwapige vanishi «kuwalinda». Huwezi kuiondoa bila kugusa rangi iliyo chini, na mnunuzi anayejua ataiona.

Rangi inanata, au ina alama

Jiulize alilala juu ya nini. Sponji ya polyurethane, ile ya magodoro na ya masanduku ya kubebea, huoza ikizeeka, ikawa njano, ikamung'unyika na kushika kwenye rangi. Plastiki ya PVC laini hutoa mafuta yanayoifanya ilainike, na mafuta hayo huyeyusha rangi iliyoigusa. Mifuko laini inayonuka plastiki kali ni ya kundi hilo. Plastiki yenye mapovu ya hewa huacha miduara kwenye rangi yenye mng'ao, hasa ikikaa kwenye joto la darini. Raba za kufungia zina salfa na huacha mstari mweusi. Ule udongo wa buluu wa kubandikia picha ukutani hutoa mafuta yanayopanda kwenye kisimamio. Ukitaka askari asidondoke, tumia nta ya makumbusho, kidogo tu.

Ikiwa hakuguswa na chochote bado ananata, ama rangi ya mafuta ilipakwa nene ikakauka juu tu, ama ni moshi. Nyumba inayofukiza udi na ubani kila Ijumaa, au iliyo na jiko karibu na sebule, hujenga utando wa mafuta wa rangi ya kahawia ambao hushika vumbi. Watu hudhani nyeupe ya mikanda imezeeka kumbe imechafuka. Kwenye rangi ya mafuta iliyo nzima, kijiti cha pamba chenye maji safi yasiyo na chumvi na sabuni isiyo kali kidogo mno huondoa utando huo. Maji ya betri ya kuongezea yanafaa, lakini soma chupa mara mbili, maana dukani hukaa rafu moja na asidi. Jaribu kwanza chini ya kisimamio. Rangi ikihamia kwenye pamba, simama. Kwa Elastolin na Lineol usijaribu kabisa, kwa sababu maji huilegeza gundi iliyowaumba.

Rangi inapukutika

Kwa askari wa risasi, angalia chini ya kipande kilichotoka. Pakiwa na unga, rudi kwenye sehemu ya asidi. Pakiwa na madini safi, ni kugongana tu: wanasimamishwa karibu mno, au wanalazwa juu ya wenzao. Mikono ya Britains inayozunguka hukwangua rangi ya bega kila unapoichezesha. Ipange unavyotaka, kisha iache.

Kwa polithini, rangi haishiki vizuri tangu mwanzo. Plastiki hiyo haina mahali pa rangi kung'ang'ania, na kila bunduki inapopinda rangi iliyokauka inapasuka. Anayepaka upya aoshe askari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kuondoa mafuta ya kalibu, apake tabaka la msingi linalonyumbulika, kisha akriliki. Aliyepakwa tayari na mwingine, mbinu ni moja: asiguswe. Msimamishe juu ya kisimamio kipana na ushike kisimamio hicho. Jua na umri huifanya plastiki hii iwe kavu ya kukatika, kwa hiyo ukiona kifundo cha mguu kina mstari mweupe, usikinyooshe.

Nyufa

Elastolin mwenye ufa mrefu kufuata mguu au mkono ameliwa kutoka ndani: waya umepata kutu, kutu imevimba, ikapasua unga wa mbao. Mweke kwenye unyevu usiobadilikabadilika, asilimia 45 hadi 55. Ukimkausha kupita kiasi kwa silika jeli utaongeza nyufa, kwa hiyo asikae kisanduku kimoja na askari wa risasi.

Aloi ya zinki iliyovimba, ikapata nyufa za utando na kona zake kumeguka, ilichafuliwa na risasi kiwandani. Hutokea zaidi kwenye magari na mizinga ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Haina tiba. Itunze isisukumwe, ipige picha.

Rangi imefifia

Linganisha kifua na mgongo. Mgongo ukiwa mwekundu na kifua cha waridi, ni mwanga. Makumbusho huweka vitu vinavyofifia haraka kwenye lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na michoro ya rangi za mafuta karibu 200. Jua la moja kwa moja dirishani hupita makumi ya maelfu. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno, na hata mwanga unaoonekana hufifisha, kwa hiyo filamu ya dirishani husaidia ila haimalizi tatizo. Hamisha kabati ukuta ambao jua halifiki asubuhi wala jioni. Taa ya LED ni salama kuliko balbu za zamani, mradi kibadilishaumeme chake kikae nje ya kabati: kikiwa ndani hupasha hewa mchana na kuiacha ipoe usiku, na kabati huvuta unyevu wa nje kila usiku. Iwashe wageni wakija. Rangi iliyofifia hairudi, na kumpaka upya askari wa kiwanda wa zamani ni kumgeuza kitu kingine.

Kuwafungasha

Kwa wanaosafiri nao au wasio na nafasi ya kabati, njia ninayoiamini ni sumaku. Bandika sumaku nyembamba chini ya kisimamio cha askari wa kisasa (usiwagundishe wa zamani, hao wakae kwenye kisimamio cha ziada), na tandika bamba la chuma ndani ya kisanduku cha polipropilini. Hakuna kinachogusa rangi. Wengine walazwe kwenye karatasi nyembamba isiyo na asidi, kila mmoja peke yake. Gazeti halifai, lina asidi na wino wake huhama.

Boksi la awali la Britains, lile jekundu lenye lebo, lina thamani yake, lakini ni kadibodi ya zamani, nayo hutoa asidi. Lihifadhi kando, ndani ya mfuko safi wa polithini wenye upenyo, mbali na mende wanaopenda gundi ya lebo na mchwa wanaopenda vingine vyote. Usitie naftalini. Mvuke wake hulainisha polistirini na unaweza kugusa rangi na vanishi, na harufu haitoki.

Ukishabadilisha rafu, silikoni au sponji, acha chubwi moja jipya lililosuguliwa kwenye kona ya kabati, juu ya kipande cha kioo, na uandike tarehe chini yake. Litazame kila unapofuta vumbi. Likitulia kwenye ukijivu, warudishe askari waliotengwa mmoja mmoja, ukianza na asiye na thamani kubwa. Likitoa weupe, toa wote siku hiyo hiyo.